Jicho la Mpera

Tangu kila mti wa matunda mjini Muheza uwekewe jicho la mtambo la kuulinda, kindi hawakuthubutu tena kugusa pera. Sheria ilikuwa fupi: anayeng'ata tunda likiwa bado mtini ni mharibifu, na afukuzwe.

Bi Semeni alipitiwa. Mikono ilikuwa imejaa nguo za kuanika, akaliinamia tawi na kung'ata pera linaloning'inia, kama alivyozoezwa na mama yake: tunda huonjwa kwanza, ndipo lichumwe. Jicho likamgeukia. Toka siku hiyo, akitoka tu mlango wa jikoni, lilimpigia mbinja ile ile ya kufukuzia kindi, kali ya kutoboa masikio, mpaka arudi ndani.

"Kindi wangu huyo!" mumewe, Mzee Mhina, alimtania akiingia na bakuli la mapera.

"Cheka tu. Mkutanoni viongozi walituapia kwamba jicho ni la kindi peke yao. Mimi sisahau, baba Kilua. Hebu nipe moja."

Mhina aliacha kucheka. Kumlisha mharibifu nako kulikuwa kosa. Alitazama dirishani, akavuta pazia taratibu, ndipo akampa.

"Kula, mama Kilua," alinong'ona, "ila usitafune kwa sauti."