Ruhusa ya Kugusa Kumbukumbu

Machano alipoibuni lugha yake ya kompyuta, hakumruhusu mtu yeyote kugusa kumbukumbu ya mashine moja kwa moja. Watengenezaji wa michezo ya kompyuta ndio waliomsihi alegeze sharti hilo. "Michezo yetu inakwamakwama, kaka," Zaituni, kiongozi wao, alimwambia. "Turuhusu tu. Tukikosea, mchezo utazima, basi." Akakubali.

Sasa yeye na Zaituni walikuwa wamesimama wodini, mbele ya mashine ya kupumulia iliyozima asubuhi ile ikiwa inampumulisha mgonjwa. Fundi aliyeiandikia programu kwa lugha ya Machano alikuwa ameitumia ruhusa ileile, naye akakosea.

"Iondoe ruhusa hiyo, kaka," Zaituni alinong'ona.

"Michezo yenu yote itakufa."

"Najua. Iondoe."

Machano akaketi, akafungua kompyuta mapajani. Hata hajaanza kuandika, mwanamke mmoja akaingia na bakuli la uji lililofunikwa kwa sahani. Akakitazama kitanda kitupu, kisha akawatazama wao.

"Samahani wanangu, kijana wangu wamemhamishia wapi?"

Zaituni aliinamisha kichwa. Machano akainuka, akampisha kiti, akalipokea lile bakuli kwa mikono miwili. Uji ulikuwa bado wa moto.