Mara ya Kwanza Bure

Fundi simu wa mtaa wa Kimanga alikuja kununua akaunti ya mchezo ya marehemu Pitchou. Mchezo wenyewe ni bure, lakini nguo na silaha hulipiwa, na Pitchou alizinunua kidogo kidogo kwa miaka minne, mpaka malaria ilipomchukua.

Mama yake alipokea pesa, akamkabidhi fundi simu ya mwanawe.

Kwenye kioo alisimama askari mwenye koti jekundu. Juu ya kichwa chake paliandikwa: *Pitchou wa Mama*.

Fundi akaanza kufuta herufi moja moja. “Kubadilisha jina iko bure, maman. Mara ya kwanza tu.”

Mama alikishika kidole cha fundi. Kwa mkono mwingine akamrudishia noti moja.

“Na kama unaliacha, ni bei gani?”