Itikio Lililofutwa

Siku ya arobaini ya mama, nilipeleka rekodi ya sauti yake ikapunguzwe ukubwa. Ndivyo sheria inavyotaka. Faili zima ni haki ya walio hai, marehemu hubakiziwa faili dogo.

Nilikuwa na rekodi moja tu ya mama.

"Tunaondoa kile ambacho sikio halikihitaji, kaka," karani wa ofisi ya rekodi aliniambia. "Hutaona tofauti."

"Sikio la nani?" nilimuuliza.

Akacheka, akalifuta faili la asili mbele yangu.

Nyumbani nikaisikiliza rekodi iliyopunguzwa. Mama aliniita kutoka jikoni, siku ile iliporekodiwa, nikiwa na miaka saba: "Mbaruku!" Kabla ya kupunguzwa, hapo ungesikia kitoto, ndiye mimi, kikiitika kwa mbali, "Labeka, mama," naye angesema, "Njoo ule." Sasa kitoto hakikuwamo. Mashine ilikihesabu kuwa kelele. Mama aliita, kikafuata kimya, na badala ya "Njoo ule" akaita tena.

Alivyonilea, kumwacha mama aite mara mbili ni utovu wa adabu.

"Labeka, mama," nikaitika, kwa sauti yangu hii nzito ya mtu mwenye ndevu.

Mama akauliza neno ambalo halikuwahi kuwamo kwenye faili lolote.

"Wewe nani?"