Mwenye Nyumba wa Wiki Moja

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na likizo, Mama Nungunungu alichoka kulipa mihogo kila alipowapeleka wanawe kupumzika kwenye shimo la Nguchiro, kule mtoni.

"Nipe mavuno yako yote ya mihogo mara moja," Nguchiro akambembeleza, "uje wiki moja kila mwaka, bure. Hutakuwa mgeni tena, mama. Utakuwa mwenye nyumba!"

Akampa. Mwaka uliofuata akapokewa kwa jembe.

"Ukuta umebomoka," alisema Nguchiro. "Mgeni hatengenezi, mwenye nyumba ndiye hutengeneza."

Mama Nungunungu akaketi mlangoni, miiba imesimama.

"Sawa. Na wewe unayelala humu mwaka mzima ni nani?"

"Mimi... nakaa tu."

"Mpangaji! Kodi yangu iko wapi?"

Kabla ya jua kutua, Nguchiro alirudisha mihogo yote. Mama akachomoa michache, akalipia malazi, akanyoosha miguu kama mgeni.