Ukuta wa Mama Fisi

Zamani hizo, mtaani kwa wanyama, Nungunungu aliuza uji kando ya ukuta ambao Fisi aliukojolea kila asubuhi. Wateja walikimbia harufu.

"Fisi jamani, nisemeje? Si imeandikwa USIKOJOE HAPA!"

"Sijui kusoma, dada," alijibu Fisi, akicheka.

Nungunungu akachoka. Akawaita majirani, wakaja na mkaa, majivu na udongo mwekundu, wakachora ukuta mzima.

Kesho yake Fisi alikuja, akainua mguu, akatazama juu. Pale ukutani alimwona mama yake mzazi, amemkodolea macho.

Akashusha mguu upesi. "Shikamoo, mama!"

Sasa Fisi anashinda pale, akimfokea kila mteja: "We, huna adabu? Msalimie mama kwanza!"

Nungunungu anaguna tu, lakini uji wake unaisha mapema.