Unyusi wa Mzee Khatibu

"Binti yangu amezaa, hakutaga," alisema Bi Mwanatabu, na akakataa katakata mjukuu wake alazwe kwenye kapu.

Mpiga picha hakubisha. Aliliondoa kapu, akaiondoa na kofia yenye masikio ya sungura ambayo Bi Mwanatabu alikuwa ameibenulia mdomo tangu aingie, kisha akatandika khanga mpya juu ya mto. Alikuwa mwanamke mwembamba, amejitanda mtandio wake vizuri, lakini Kiswahili chake kilimtangaza kabla hajamaliza salamu: mtu wa bara. Bi Mwanatabu hakujisumbua kumwuliza jina.

Alikuwa na ghadhabu tangu asubuhi. Kutoka Jomvu Kuu hadi Kiembeni walipita studio chungu nzima, na bintiye Sumeya aking'ang'ana ni hii tu, chumba kimoja uani mwa nyumba ya kupanga, eti huyu mama ndiye bingwa wa vichanga. Bingwa! Kumpiga picha mtoto aliyelala nako siku hizi kunataka ubingwa.

Hata hivyo picha aliihitaji. Ukutani mwa sebule yake, kando ya picha ya marehemu mumewe, Mzee Khatibu, palikuwa na msumari uliomsubiri mjukuu wa kwanza. Wapo waliothubutu kumkumbusha kwamba mjukuu wa kwanza ni wa Mahir, mwanawe wa kiume. Hao aliwanyamazisha. Mahir alikwenda kufanya kazi Miritini akaoa huko huko mwanamke wa Kikamba. Mamake hakukanyaga harusini, na mtoto alipozaliwa alipeleka neno kwamba asiletewe, wala asionyeshwe hata picha yake. Wa Mahir hahesabiwi.

Taabu ni kwamba huyu aliyehesabiwa alikuwa ukoo wa babake mtupu. Ametoka arobaini juzi na bado uso ulikuwa wa mviringo, pua imelala, na nyusi nazo zimelala. Mzee Khatibu alikuwa na unyusi wa kushoto uliopanda juu peke yake, unyusi wa mtu asiyedanganyika. Wageni wakiingia sebuleni wataitazama picha hii na ile, kisha watatazamana. Bi Mwanatabu aliwajua wageni wake vizuri, maana yeye ndiye aliyewafundisha kusengenya.

"Nitafutie upande anaofanana na babu yake," aliamuru, akimwonyesha picha ya marehemu kwenye simu.

Mpiga picha aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nimemwona, mama."

Alipiga magoti, akazunguka, akalala kifudifudi sakafuni. Mtoto alipolia alimwekea kiganja kifuani, naye akanyamaza. Hata tone la wanja alilopakwa kwenye paji kwa ajili ya kijicho hakuomba lifutwe. Bi Mwanatabu alikuwa ameshayaandaa maneno ya kumrarua kwa hilo, ikambidi ayameze.

"Kazi hii ulijifunzia wapi?" aliuliza, kwa kuwa kunyamaza kulimchosha.

"Kwa mwanangu, mama. Upande wa babake hawakuja kumwona. Nikawa nampiga picha kwa simu kila akibadilika, nikasema siku wakitaka kumjua, wamwone tangu mwanzo. Majirani wakazipenda, wakaanza kuniletea wao."

"Hawakuja kumwona mtoto?" Bi Mwanatabu aliruka kitini. "Watu gani hao? Wallahi, hata paka wa jirani akizaa watu huchungulia! Hawana haya hao, wala dini hawana!"

"Mama," Sumeya aliingilia haraka, "chai yako inapoa."

Angalau chai mwanamke huyu aliiweza. Tangawizi tele, sukari hakuna, kama Bi Mwanatabu anavyoinywa kwake. Alisimama na kikombe chake kuzikagua picha za ukutani, apate la kusema. Mtoto ndani ya karai, hivi mamake hakuwa na kitanda? Mtoto na mbawa za manyoya, astaghfirullah. Mtoto kavishwa tai kama karani.

Kisha kikombe kikakwama njiani kuelekea mdomoni.

Ilikuwa picha ya simu tu, haikuwa hata safi. Kichanga amelazwa kwenye khanga iliyochujuka, na wanja kwenye paji. Lakini unyusi wake wa kushoto ulikuwa umepanda juu peke yake, kana kwamba anamhoji aliyemshika.

"Huyu sasa ndiye mtoto!" Sauti ilimtetemeka kwa wivu. "Tazama, Sumeya! Huyu katoka kwa watu. Mamake ni nani?"

"Mtu wa bara tu," alijibu mpiga picha.

"Basi ni kwa babake. Upande huo kuna watu, nakwambia." Akamgeukia ghafla. "Sikiza. Hizo kompyuta zenu si hubandika chochote? Mtoe huyu uso umbandike mjukuu wangu. Nani atajua?"

Sumeya alijifunika mdomo kwa ukingo wa buibui, akatazama dirishani.

"Uso wa mtoto haubandikwi hivihivi, mama. Ni lazima wenyewe waridhie."

"Basi waombe! Uso huu mimi nautaka ukutani mwangu, leo hii."

Mpiga picha aliishusha picha, akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio wake, akamwekea mikononi.

"Mpeleke mwenyewe ukutani, mama, hana haja ya kubandikwa popote," alisema. "Anaitwa Khatibu. Jina alipewa na Mahir."