Kushikwa Kidevu

Asubuhi ya kwanza baada ya kumzika mdogo wake, dada mtu alimkuta mama amesimama dirishani, mahali alipokuwa akimshika marehemu kidevu kila siku na kumkagua fizi, kwa sababu kisukari chake kilizifanya zitoke damu.

Wivu ulimla dada miaka mitatu. Aliwahi kusugua meno kwa makusudi mpaka fizi zikatoka damu, ili naye ashikwe.

"Wewe huumwi, una kijicho tu," mama alimwambia siku hiyo.

Leo alipiga mswaki taratibu, lakini povu likatoka jekundu.

"Mama, safari hii sijasugua kwa nguvu. Kweli tena."

Mama alimvuta kwenye mwanga, akamshika kidevu. Vidole vilikuwa vya baridi, na binti alitamani visimwachie.

Kesho saa mbili asubuhi anapelekwa kupimwa sukari.